Msindikize Kwanza, Ndipo Umwambie

Wengi wetu Goma tunaishi katika nyumba za mbao. Ubao ukishakauka unaachana na mwenzake, na katika ule ufa hupita kila kitu: mwanga wa taa ya jirani, harufu ya sombe yake, na maneno yake yote. Mama akimgombeza mtoto saa mbili usiku kule Ndosho, nyumba tatu zimeshalijua kosa kabla mtoto hajafungua mdomo kujitetea. Mume akimuuliza mkewe makuta, yaani pesa, ya unga yamekwenda wapi, asubuhi yake wanawake wa bombani wananyamaza mke huyo anapofika na bidoni ya maji. Basi anayetaka kumkosoa mwenzake katika mji huu, swali lake la kwanza liwe la mahali. Utamwambia wapi?

Swali hilo lina uzito kwetu kwa sababu neno la hadharani linaweza kuzaa mambo ambayo msemaji hakuyakusudia. Mtu akipiga kelele ya "mwizi!" kule Birere, mawe yanaweza kufika kabla ya maswali. Mwanamke mzee akiitwa mchawi katikati ya ugomvi wa uzio, ugomvi utaisha lakini jina litabaki, na wapo waliohama mtaa kwa sababu ya jina kama hilo. Halafu hatuna pa kukwepana. Aliyekosa na aliyekosewa watakutana kesho kwenye foleni ya maji, watakutana ibadani, watakutana kwenye matanga, na mlima Nyiragongo ukilipuka tena watakimbia kwa njia moja. Kwa hiyo mimi nashikilia kwamba kukosoa ni kazi mbili zinazokwenda pamoja: kuondoa kosa na kumbakiza mtu. Anayeondoa kosa kwa kumvunja mwenye kosa amejipunguzia jirani, na kosa lenyewe mara nyingi linahamia nyumba nyingine.

Mahali pazuri pa neno zito tunapo tangu zamani. Mgeni kwetu haachwi mlangoni, anasindikizwa. Zile dakika chache za kusindikizana ndizo nafasi bora, na sijaona nyingine inayozikaribia. Mnatembea bega kwa bega, kwa hiyo hamtazamani, na mtu anayesikia kosa lake hupenda kutazama njia kuliko kutazamwa yeye. Pikipiki zinazopita na chukudu, baiskeli zetu za mbao, zinazoteremka na mizigo zinafunika sauti zenu. Na njia ina mwisho, kwa hiyo mazungumzo hayatageuka kesi ya saa tatu. Lakini liseme neno lako katikati ya njia. Ukilichelewesha hadi mnapoagana, unamtwika mzigo halafu unamgeuzia mgongo. Jibu ambalo hakupata nafasi ya kukupa wewe atakwenda kulitoa kwa mtu mwingine.

Kama huyo unayetaka kumwambia hakuja kwako kama mgeni, tafuta sababu ya kutembea naye. Jirani mwombe muende pamoja sokoni au ziwani. Mwenzako wa kazini toka naye hadi mahali anapopandia pikipiki. Kijana wa nyumbani mpe kitu akubebee, kwa sababu kijana mwenye kazi mikononi husikiliza vizuri kuliko yule uliyemkalisha kwenye kiti kama mshitakiwa. Mwanamume anayetaka kumkosoa mke wa mtu, au mwanamke anayetaka kumkosoa mume wa mtu, asiende peke yake. Amchukue ndugu au mtu mzima mwingine atembee hatua chache nyuma yao, maana mji wetu una macho na ufumbuzi wa kosa moja usije ukawa mwanzo wa masengenyo.

Wakati nao unachaguliwa. Usimkosoe mtu mwenye njaa, wala aliyetoka sasa hivi kwenye foleni ya maji na bidoni tupu, wala aliyekunywa pombe ya kasiksi, wala aliye katika msiba. Usiseme katika saa ileile ya hasira yako. Ila usilale na neno lako muda mrefu pia. Ukikaa na neno mwezi mzima, siku utakayolisema atakuuliza kwa nini ulikuwa unakula naye na kucheka naye huku ukimficha, na swali lake litakuwa la haki. Siku mbili, tatu, zinatosha.

Sasa maneno yenyewe. Anza kwa kumwita kwa heshima yake: Yaya, Mama wa fulani, Muzee. Omba ruhusa: "Yaya, niko na kaneno kamoja, unaweza kunisikiliza?" Ruhusa hiyo si pambo. Mtu aliyesema "sema" ameshakubali nusu ya safari. Kisha taja tendo, na lini, na lilifanya nini. "Juzi jioni maji ya kufulia yalimwagwa njiani, na mtoto wangu aliteleza juu ya jiwe akaumia goti." Hapo ana kitu cha kushika: anaweza kukubali, anaweza kueleza, anaweza kusema haikuwa nyumba yake. Lakini ukimwambia "ninyi ni watu wachafu", umempa nini cha kurekebisha? Atakachoweza kufanya ni kukurudishia tusi. Maneno ya "siku zote" na "kila mara" yaache nyumbani, kwa sababu atatafuta siku moja ambayo hakufanya, ataipata, na hoja yako yote itaanguka kwa siku hiyo moja. Kosa lile jingine la mwaka jana nalo liache. Neno moja kwa safari moja.

Kuna tabia moja inayoharibu zaidi ya ukali, na imeenea sana kwetu. Ni ile ya kujificha nyuma ya watu: "Watu wanasema", "hata Mama fulani alilalamika". Msemaji anafikiri anajipunguzia lawama. Kwa kweli anafungua kesi ya pili. Yule anayekosolewa anaacha kufikiria alichofanya, anaanza kutafuta ni nani aliyesema, na kufikia jioni atakuwa amegonga milango mitatu. Sema ulichokiona wewe. Kama hukukiona, usikikemee, uliza. "Nilisikia habari hii, lakini nimependa niisikie kwako." Mara nyingi utakuta kisa kina upande ambao hukuletewa.

Katika soko la Virunga nimemwona mama mmoja mtu mzima akifanya kazi hii kwa ustadi ambao ningependa vijana waufundishwe. Maharagwe na unga kwetu hupimwa kwa kopo la Guigoz. Kopo likigongwa kitako chake kikaingia ndani, linapokea kidogo, na mnunuzi hajui. Mama huyu alikuwa ameshapimiwa na alikuwa ameona. Hakusema kitu. Alisimama pembeni akipanga mfuko wake mpaka wanunuzi wawili waliokuwa mbele walipoondoka. Kisha akalichukua lile kopo, akaligeuza, akakipitisha kidole gumba chake juu ya bonde lile la kitako, polepole, ili muuzaji aone kidole kinavyozama. Akasema, "Mama, hili kopo limeumia. Tuligonge lirudi." Muuzaji, msichana asiyefika miaka ishirini na tano, alitazama chini kidogo, akachukua jiwe, akaligonga kutoka ndani hadi kitako kikanyooka. Akampimia tena. Yule mama akalipa, akaongeza kopo la pili, akaenda.

Angalia alichofanya. Alijua kama sisi sote tunavyojua kwamba kopo halijiumizi. Lakini alimwachia msichana mlango wa kutokea: kopo limeumia, tuligonge. Akajihesabu mwenyewe ndani ya kazi ya kulinyoosha. Na alinunua kopo la pili kwa bei ileile, yaani alimwambia kwa makuta yake kwamba bado ni mteja. Angepaza sauti, ule mstari wote wa wauzaji ungesimama upande wa mwenzao, na kesho kopo lingekuwa limegongwa vilevile, kwa siri zaidi.

Baadhi ya makosa si yako kuyasema hata kama una haki. Yatafutie mdomo mwingine. Wanyanga wa Walikale, ndugu zetu wa mkoa huuhuu wa Kivu Kaskazini, wana utendi wa Mwindo. Mtafiti Daniel Biebuyck aliurekodi mwaka 1956 kwa msimulizi Candi Rureke, na pamoja na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Mfalme Shemwindo alikataza wake zake wasizae wana wa kiume, na Mwindo alipozaliwa alijaribu kumwua mara kadhaa. Baada ya safari ndefu mwana anamrudisha baba aliyemkimbia hadi nyumbani, na mkutano mkubwa unaitishwa. Ninachotaka wasomaji wakione ni nani anayemwambia mfalme kosa lake mbele ya wote. Ni Iyangura, dada yake Shemwindo, shangazi yake Mwindo. Ametoka tumbo moja na mkosaji. Amempenda aliyekosewa. Hana kiti cha kugombea. Anamwambia kaka yake kwamba kuwabagua watoto ndiko kulikoleta maangamizi, na Shemwindo anakiri.

Mbele zaidi Mwindo mwenyewe anageuka mwenye kujiona. Anamwua Kirimu, yule dubwana la msituni, na Nkuba, mwenye radi, ambaye ni rafiki wa Mwindo mwenyewe, anamchukua juu mbinguni akaonje baridi, mvua na jua, akaonywe kuhusu kuua viumbe. Kisha anamrudisha kijijini kwake akaendelee kutawala. Rafiki ndiye aliyemwadhibu, na rafiki huyo ndiye aliyemrudisha.

Basi kabla hujaenda, jiulize ni nani Iyangura wa mtu huyu. Kwa mume mkali, huenda ni dada yake mkubwa, si wewe mkewe. Kwa kijana anayelewa, huenda ni kocha wake wa mpira kuliko baba yake. Kwa mchungaji au shehe, ni mzee mwenzake wa ibada. Mdomo huo uutafute mapema, na uuambie ukweli mzima, hata sehemu ambayo wewe mwenyewe umekosa, maana mpatanishi aliyefichwa jambo anaaibishwa mbele ya mtu aliyekwenda kumsaidia.

Makuta ndiyo yanayozaa lawama nyingi siku hizi. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafunga milango, akiba za watu wengi zilikwama, na mzigo mkubwa ukahamia kwa marafiki, kwa pesa za simu na kwenye vikundi vya AVEC, vya kuweka na kukopa. Ukitaka kujua jinsi ya kukemea bila kumchukiza mtu, kaa katika mkutano mmoja wa AVEC inayoongozwa vizuri. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Siku ya kwanza ya mzunguko, kabla mtu yeyote hajakosa, wote walikubaliana amende, yaani faini, ya kuchelewa ni kiasi gani, ya simu kulia wakati wa kuhesabu ni kiasi gani. Anayechelewa leo hasemwi na mtu. Anatoa, inaandikwa, mkutano unaendelea. Nyumba yenye vijana wanne, duka la watu wawili, kwaya, timu ya mpira, wote wanaweza kuiga hilo: kubalianeni siku ya amani juu ya kitakachofanyika siku ya kosa.

Deni lililopita siku ni kazi nyingine, na hapo vikundi vingi huharibu. Wanakwenda kumi, wanasimama uani, jina linatajwa kwa sauti, watoto wa mdaiwa wanasikiliza, na mmoja wao anachukua sufuria. Sufuria inarudisha kiasi gani cha deni? Waende wawili, mmoja wao awe anayeheshimiwa na mdaiwa. Waulize kwanza kilichotokea, kwa sababu aliyeuguliwa hakukosa, na mfuko wa jamii wa kikundi uliwekwa kwa ajili yake. Kama hakuuguliwa, wataje kiasi kamili kinachodaiwa, wasizungushe, kisha wakubaliane tarehe na kiasi kidogo anachoweza kutoa kila wiki, waandike mbele yake, atie kidole. Mdaiwa mwenye tarehe hukwepa njia mara chache kuliko mdaiwa mwenye aibu.

Jambo ninalotaka kulisema kwa nguvu zangu zote ni la kabila. Kosa la mtu mmoja lisipewe kabila lake, hata kwa mzaha, hata ndani ya nyumba yako na mlango umefungwa. Mkoa wetu ulishalipa. Mwaka 1993 vita vya jamii vilianza Walikale vikaenea Masisi, na wale waliouana walikuwa wakiuziana na kuoana. Mwaka 1998 wazee wa jamii za Kivu Kaskazini waliunda Barza Intercommunautaire, wakakaa pamoja kupatanisha watu ili ugomvi wa shamba au wa ng'ombe ubaki ugomvi wa shamba na ng'ombe. Kila unaposema "hao ndivyo walivyo" kwa sababu dereva mmoja alikudanganya, unaibomoa kazi ya aina hiyo mbele ya watoto wako.

Na unaposikia mwingine akisema hivyo, mara nyingi ni mtu wako wa karibu, mjomba wako mezani, baada ya kula, na bukari bado iko kwenye sahani. Hapa ile kanuni ya kusindikiza haitoshi peke yake. Watoto wamesikia. Ukinyamaza hadi njiani, wao watakuwa wameshakwenda kulala na lile neno. Sema sentensi moja palepale, kwa upole na bila kutetemeka: "Mjomba, munisamehe, katika nyumba hii hatusemi hivyo." Basi. Usihutubie. Usimtolee historia ya mkoa mbele ya mkewe. Mengine yaweke kwa njia, na huko umuulize maswali mafupi: ni nani? lini? alikufanyia nini? Mara nyingi utakuta yuko mtu mmoja, mwenye jina, aliyemdhulumu kweli, na maumivu ni ya kweli. Mhurumie kwa hayo. Mrudishe kwa mtu huyo mmoja, na umwonyeshe kwamba wale wengine maelfu hawakuwapo siku ile. Sijui njia nyingine ambayo nimeiona ikimlainisha mzee wa miaka sitini.

Kosa lililosemwa mbele ya wote na kuwadhuru waliolisikia linastahili kusahihishwa mbele yao, kwa ufupi. Ndivyo ilivyo pia na uvumi wa simu. Tunaukumbuka mwaka 2021. Nyiragongo ulilipuka usiku wa tarehe 22 Mei, lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na tarehe 27 Mei gavana akaamuru watu wa kartie 10 kati ya 18 wahame. Watu wakajaa njia ya Sake, ziwani na mpakani. Katika siku kama hizo sauti moja ya WhatsApp ya mtu asiyejulikana inaweza kumtoa mama mjamzito kitandani usiku bila sababu, au kumbakiza mahali pa hatari. Anayeituma kwa kawaida anaogopa kama wewe. Usimwandikie kwenye kundi kwamba yeye ni mwongo. Kwenye kundi weka habari sahihi na ilikotoka, kwa mfano tangazo la kituo cha volkano cha Goma, OVG, bila kutaja jina lake. Kisha mwandikie faraghani: "Ndugu, ile sauti haikuwa sahihi, tafadhali iondoe wewe mwenyewe." Mwachie yeye heshima ya kuifuta. Na usiirudie ile sauti ya uongo hata kwa nia ya kuikanusha, maana wapo watakaosikiliza sauti na wasisome maneno yako.

Kwa motari, dereva wa pikipiki, ni kazi ya dakika moja: mwambie kabla hujapanda. "Ndugu yangu, twende polepole, nalipa ileile." Ukimfokea akiwa mwendoni anageuza shingo kukujibu, na hapo umejiongezea hatari uliyotaka kuipunguza. Kwa mtoto wa jirani, zuia hatari kwa mkono wako mara moja, kisha jioni mwambie mzazi, ukianza na jambo jema ulilomwona mtoto huyo akifanya. Zamani mkubwa yeyote alimchapa mtoto yeyote. Leo mzazi anataka kusikia kwanza, na nadhani mzazi ana haki.

Wazee ni habari nyingine. Mzee hakosolewi kwa tamko, anakosolewa kwa swali. "Muzee, mungetushauri nini, kama mtu ameahidiwa shamba na baadaye likagawiwa mwingine?" Atajua unachosema. Mpe nafasi ajibu kama mshauri, na mara nyingi atatoa hukumu dhidi yake mwenyewe bila kulazimishwa. Ila fumbo ni la wazee. Ukimfumbia mwenzako wa rika lako ataona unamcheka, na utakuwa umeanza vita ya pili.

Kwa mwenye cheo nataka niwe mwangalifu, kwa sababu hapa ushauri mbaya unaweza kugharimu maisha ya mtu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mfanyakazi wa OCC, ofisi inayokagua bidhaa, na kazi yake ilikuwa mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite kwenda kuliwa na watu. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, Roma. Kwa kunyima sahihi yake alikuwa amewakemea wote waliotaka apitishe. Simwambii mtu yeyote atafute kifo chake. Ninasema kwamba kukataa kushiriki ni namna ya kukosoa, na mara nyingi ndiyo namna pekee aliyonayo mfanyakazi mdogo.

Kama nafasi ipo, mkosoe mkubwa kwa maandishi, ukitaja kanuni, tarehe na ombi moja linalowezekana. Usiende peke yako. Vijana wa LUCHA, kundi lililozaliwa hapa Goma mwaka 2012, walidai maji na kazi bila kushika jiwe, na walilipa kwa kifungo: Februari 2016 sita kati yao, Rebecca Kabugho akiwemo, walikamatwa wakiandaa mabango. Mwaka huohuo Amnesty International iliwataja LUCHA miongoni mwa mabalozi wake wa dhamiri. Ninawaheshimu sana. Lakini mama wa watoto watano anayenyamaza mbele ya mwenye bunduki barabarani asiitwe mwoga na mtu yeyote. Mwenye bunduki hakosolewi barabarani. Kuna siku kazi ni kufika nyumbani, kuandika mahali salama ulichokiona, na kungoja.

Itakuwaje basi kama umefanya yote haya na mtu amekasirika? Acha hapo ulipofika. Usimfuate, usipandishe sauti kufikia yake, usiseme "ndiyo maana". Mwambie, "Nimesikia, Yaya," na mwendelee kutembea hata kama ni kimya. Hasira ya siku ya kwanza mara nyingi ni ya aibu, na aibu inahitaji usiku mmoja au miwili.

Siku inayofuata ndiyo wengi huiharibu, kwa sababu mkosoaji naye anaona haya, anabadilisha njia, na yule mwingine anahesabu kwamba amekatwa. Wewe uanze kusalimia. Na zaidi ya salamu, mwombe kitu: mtume mtoto akaazime mbabula yake, muulize bei ya makaa ya leo, mwombe akushikie zamu bombani. Anayeombwa kitu anajua bado anahitajiwa, na neno la samahani haliwezi kulisema hilo vizuri hivyo. Usimkumbushe lile jambo. Ukiona amelitengeneza, hata nusu, mwambie umeona, kwa maneno machache na bila kumpongeza kama mtoto. Wiki mbili zikipita na hakuna kilichobadilika, tafuta mtu wa pili anayemwamini, mwende naye. Ikishindikana ndipo jambo lifike kwa kamati ya ibada au kwa shefu wa avenyu. Mpangilio huohuo umo katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, na wasiosoma Injili wanaufuata vilevile: wawili, kisha watatu, kisha baraza. Mwambie mwenyewe, kabla hujafika kwa shefu, kwamba unakwenda, na siku gani, ili naye ajiandae na aje na mtu wake.